Mama mkwe ananilisha maini kila siku, na mimi ni mjamzito

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni Mchagga wa Marangu, nimeolewa na Mfilipino. Tulikutana Doha tukifanya kazi hoteli moja, yeye jikoni, mimi mapokezi. Mkataba ulipokwisha tukahamia kwao, kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Vigan, mkoa wa Ilocos Sur, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon. Tunaishi na mama yake, ambaye hapa wote tunamwita Nanang. Sina ugomvi naye hata kidogo. Ananipenda, ananifundisha Kiilokano, na chakula kikiiva huwa haanzi mpaka nimekaa. Ninayemwogopa ni chungu chake.

Huku mnyama akichinjwa hakitupwi kitu. Asubuhi tunaamkia sinanglao, supu ya utumbo, maini na ngozi ya ng'ombe, imetiwa birimbi iwe chachu, kisha inatiwa nyongo. Ndiyo Mama, nyongo! Kwetu mtu akipasua nyongo wakati wa kuchuna mbuzi anagombezwa na ukoo mzima. Nanang anaichuja kwenye kikombe na kuimimina kwa kijiko huku akionja. Mchana ni igado: maini, figo na steki ya nguruwe, vyote vimekatwa vipande vyembamba virefu, vikapikwa kwa siki, sosi ya soya, vitunguu saumu, pilipili hoho na njegere. Jumapili ni dinardaraan, nyama iliyopikwa kwa damu ya nguruwe. Wajomba wakija kunywa bia kunakuwa na kilawen, mbuzi aliyebabuliwa ngozi kwa moto, ndani karibu mbichi, kisha akakatwakatwa na kutiwa siki, tangawizi na vitunguu.

Nilikuwa nakula vizuri tu mpaka nikashika mimba. Sasa nina wiki 14. Kliniki walinipima wakasema damu yangu ni 10.2, ndogo, wakanipa vidonge vya kuongeza damu. Nanang aliposikia hivyo akaapa kwamba atanitibu mwenyewe. Tangu siku hiyo napewa maini ya nguruwe kila siku, bakuli langu peke yangu. Nakiri kwako, kwa sababu vidonge vinanifunga choo, nimeviacha kimyakimya. Nilijiambia maini yanatosha.

Juzi nikasoma mtandaoni kwamba mjamzito hatakiwi kula maini, yanaharibu mtoto. Ukurasa mwingine ukasema maini ni chakula bora kuliko vyote duniani. Mwingine ukasema ini ndilo linalohifadhi sumu zote za mnyama. Sijalala vizuri tangu hapo.

Si hilo tu. Mume wangu ana umri wa miaka 38 na ana gauti. Dole gumba la mguu likimshika hata shuka haliwezi kugusa. Nanang amepiga marufuku choroko humu ndani, anasema ndizo zinazomletea. Lakini maini, figo na bia vinaendelea kama kawaida. Na binti yetu wa miaka mitano, kila akitoka shule anataka isaw, ule utumbo wa kuku unaochomwa kwenye vijiti barabarani.

Je, nimeshamdhuru mtoto? Naweza kukataa bakuli la Nanang bila kumvunjia heshima? Na hivi vyakula vya ndani vinaweza kupikwa kwa namna ya afya, au niviache vyote nibaki na wali na mboga?

Mama Neema, Ilocos Sur

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na lile linalokunyima usingizi.

Kinachotiliwa shaka kwenye maini ni vitamini A ya aina inayoitwa retinoli, ambayo mnyama ameshaitengeneza na kuiweka akiba kwenye ini. Ikizidi sana mwilini mwa mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwanzo, inaweza kuvuruga uundwaji wa uso, moyo na ubongo wa mtoto. Ndiyo maana Uingereza iliwaambia wajawazito tangu 1990 waache kabisa maini. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa mtu mzima, mwenye mimba na asiye nayo, ni mikrogramu 3,000 kwa siku. Gramu 100 za maini ya nguruwe yaliyopikwa, yaani kipande cha kujaza kiganja, zina zaidi ya 5,000. Ya ng'ombe yanapita 9,000. Ya kuku ni kama 4,000. Kwa hiyo bakuli lako la kila siku limekuwa likivuka mpaka, na linapaswa kusimama leo.

Lakini kuvuka mpaka si sawa na kuharibu mtoto. Kiwango hicho kimewekwa chini makusudi ili kibaki na nafasi ya usalama, na wanawake wengi duniani wamekula maini wakiwa wajawazito na kuzaa watoto wazima. Maelezo yako yanaonyesha pia kwamba bakuli la kila siku lilianza baada ya kipimo cha kliniki, si tangu siku ya kwanza ya mimba. Siwezi kukuapia kwa mbali, na mtu yeyote anayekuapia kwa mbali usimsikilize. Nenda kliniki uwaambie ulichokula, kiasi gani na kwa muda gani, kisha uombe kipimo cha picha cha kati ya wiki ya 18 na ya 22, kile kinachokagua viungo vya mtoto kimoja kimoja. Ukifika, waonyeshe pia chupa ya kila vitamini unayomeza. Kama kuna mafuta ya ini la samaki au kidonge chenye retinoli, kiache. Vitamini A ya kwenye majani, maboga na karoti haina shida hiyo, maana mwili unaigeuza kwa kadiri unavyohitaji.

Sasa vidonge. Hapo, mwanangu, sikuungi mkono. Hemoglobini ya 10.2 iko chini ya 11, na hiyo kwa mjamzito ni upungufu wa damu. Hakuna bakuli la chakula linaloweza kuchukua nafasi ya vidonge ulivyopewa, tena vile vya wajawazito huwa na asidi ya foliki ambayo mtoto anaihitaji. Kufunga choo kunajulikana na kuna dawa yake: maji mengi, papai bivu, mboga za majani, na ukiona bado, mwambie muuguzi akubadilishie aina au mpangilio wa kumeza. Meza na maji uliyokamulia kalamansi, zile ndimu ndogo za huko zilizojaa kila ua. Usimeze na kahawa, chai wala maziwa, kwa kuwa vinazuia chuma kisifyonzwe. Najua Ilocos kahawa ya asubuhi haina mjadala; basi iache ikae mbali na kidonge na mbali na mlo, angalau saa moja. Choo kikiwa cheusi usishtuke.

Sasa tuingie jikoni, na hapa nina raha zaidi. Niliwahi kufanya kazi katika jiko la hospitali huko Ghuba, na karibu nusu ya wenzangu walikuwa Wafilipino. Chakula cha wagonjwa tulipika pamoja. Chakula chetu walipika wao. Ninachokipenda kwao ni kwamba hawaionei haya sehemu yoyote ya mnyama. Ninachowagombeza, kama ninavyowagombeza wapenda supu wa Moshi na Arusha, ni kuvihesabu viungo vyote vya ndani kama kitu kimoja. Ini, moyo, firigisi, utumbo na damu vinatofautiana kuliko mchicha unavyotofautiana na viazi. Mkiijua tofauti hiyo, chungu cha Nanang kinaweza kubaki pale pale jikoni na kila mmoja akatolewa sehemu yake.

Ini ni ghala. Lina chuma (ya nguruwe ina takriban miligramu 18 kwa gramu 100, karibu mara tatu ya ng'ombe), lina vitamini B12, foleti, shaba, na hiyo vitamini A. Nanang hakukosea kuliona kama dawa. Amekosea kipimo na mgonjwa. Kwa mtu mzima asiye na mimba wala gauti, mlo mmoja mdogo kwa wiki unatosha na unabaki. Na ule ukurasa wa sumu uufunge. Ini huchuja sumu na kuzitoa, haliziweki kama kabati. Kilicho kweli ni kwamba figo na ini za mnyama mzee zinaweza kukusanya madini mazito kama kadimi, ndiyo maana mnyama mchanga ni bora na figo si chakula cha kila siku.

Moyo ndio ninaotaka uuchukue wewe. Ni msuli, hauhifadhi vitamini A, una kiasi kidogo mno. Lakini chuma chake, wa ng'ombe au wa nguruwe, ni karibu miligramu 6 kwa gramu 100, sawasawa na ini la ng'ombe. Watu wanautupia kwenye supu bila kuujali, na ndio ungefaa kuwa kwenye bakuli lako. Firigisi za kuku zinafuata: protini nyingi, mafuta machache, chuma cha wastani, vitamini A karibu hakuna. Wafilipino huzipika adobo, yaani kwa siki na sosi ya soya, pamoja na maini ya kuku. Mwambie Nanang akupikie firigisi na mioyo, maini awape wengine.

Na damu? Wewe ni wa Marangu, kisusio, ile supu yenu ya damu, unakijua tangu utotoni, usijifanye mgeni mbele ya dinardaraan. Damu ina chuma kingi cha aina ile inayofyonzwa kwa urahisi, na haina mzigo wa retinoli. Kwako wewe, dinardaraan iliyopikwa kwa nyama na moyo ni salama kuliko igado. Masharti ni mawili. Damu itoke kwa mnyama aliyekaguliwa na ichemke sawasawa, isibaki na wekundu. Na Nanang asitie maini ndani yake, kwa kuwa wapishi wengi hutia. (Wasomaji Waislamu wasinielewe vibaya, ninamjibu mwenye barua.)

Maini hujificha, ujihadhari nayo. Ile sosi nzito ya kahawia inayoliwa na lechon, nguruwe mzima wa kuchoma, hutengenezwa kwa maini. Menudo, mchuzi wa nguruwe, ina vipande vya maini ya nguruwe. Kaldereta, mchuzi mzito wa nyama, hukolezwa kwa maini ya kusaga ya kopo. Sisig ya kutoka Pampanga, ile ya kichwa na masikio ya nguruwe inayoletwa ikichemka kwenye sahani ya chuma, mara nyingi ina maini ya kuku. Ukionja kijiko hutakufa. Usijifariji tu kwamba umeacha maini wakati unakula menudo kila Alhamisi.

Utumbo, wa sinanglao au wa kare-kare ile ya karanga, hauna makuu. Protini ya wastani, chuma kidogo, na mafuta yakitegemea ulivyosafishwa. Mapafu ya bopis siyapendi na sitajificha. Yanataka kazi kubwa kuyasafisha na yanafyonza mafuta yote ya sufuria. Kuhusu chicharon bulaklak, yale mafuta ya utando wa utumbo yaliyokaangwa mpaka yakafunguka kama maua, huo ni mlo wa sherehe, tena si kila sherehe.

Namna ya kupika. Utumbo ugeuzwe ndani nje, usuguliwe kwa chumvi na siki, uoshwe mpaka maji yatoke meupe. Chemsha mara ya kwanza, maji hayo yamwage yote. Mara ya pili tia tangawizi na mchaichai, ambao huko unaitwa tanglad na unaota kila kona, uchemke taratibu mpaka ulainike. Kama kuna muda, pika supu jioni, iache ipoe ndani ya friji, asubuhi uondoe mafuta yaliyoganda juu. Nyongo haina neno kwa kiasi kile cha vijiko, mradi iingie mapema ichemke na supu, isimwagwe juu ya bakuli dakika ya mwisho.

Igado ya nyumba nzima ibadilishwe uwiano. Steki na moyo viwe vingi, maini yawe machache, figo mara mojamoja. Njegere, hoho na karoti ziongezwe mpaka zionekane. Anza na nyama, siki na vitunguu saumu, na siki ikiingia usikoroge mpaka ichemke. Nanang atakwambia ikikorogwa mapema inabaki na ukali mbichi, na nimekuta ni kweli. Maini yaingie mwisho kabisa, vipande vyembamba, dakika chache. Yanayopikwa muda mrefu yanakuwa kama mpira, na hiyo ndiyo sababu watu wanayazamisha kwenye sosi. Lakini yaive, katikati pasiwe na rangi ya waridi. Maini mabichi ya nguruwe yanaweza kubeba homa ya ini ya aina E, ambayo kwa mjamzito inaweza kuwa hatari sana. Wewe wakupakulie kabla maini hayajaingia, basi. Chungu ni kile kile, mezani mko pamoja, na Nanang hajapika mara mbili.

Chumvi nayo. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kina takriban miligramu 900 za sodiamu, na patis, ile sosi ya samaki, inazidi hapo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi 2,000 kwa siku nzima. Chagueni moja kati ya hizo mbili katika chungu kimoja, muipunguze nusu, na siki ya miwa ya Ilocos ifanye kazi iliyobaki. Inayo ladha ya kutosha.

Kilawen usiguse. Siki hubadilisha rangi ya nyama lakini haiui vijidudu vyote, na kuna kimelea cha toksoplasma kinachoweza kumfikia mtoto tumboni. Wajomba wakikubembeleza, waambie daktari amekataza. Kama kuna mtu wa kukuchomea kipande chako motoni mpaka kiive, kula kwa furaha.

Tumgeukie baba Neema. Gauti hutokea pale asidi ya yuriki inapozidi kwenye damu mpaka ikatengeneza fuwele kwenye viungo, na fuwele hizo ndizo zinazowaka usiku kwenye dole gumba. Asidi hiyo hutokana na purini, kemikali ya asili iliyomo kwenye vyakula. Maini, figo na bandama vimejaa purini. Dagaa wakavu na sadini pia. Bia ni mbaya maradufu, kwa sababu ina purini zake na vilevile huzuia figo kutoa asidi nje. Kwa hiyo jioni ya bia na igado inagonga mlango mmoja kutoka pande mbili. Watafiti pia wamekuwa wakiona, tangu miaka ya 1960, kwamba Wafilipino wengi wana figo zinazotoa asidi ya yuriki polepole, kwa urithi tu. Mumeo hakujitakia.

Choroko ninaziombea msamaha hapa hadharani. Zina purini, ni kweli, na nusu ya Ufilipino inaamini ndizo zinazoleta rayuma, yaani maumivu ya viungo. Lakini tafiti zilizofuatilia watu kwa miaka mingi hazikukuta kunde zikiongeza gauti kama nyama, samaki na bia zinavyofanya. Wameifukuza choroko nyumbani na kumwacha mwizi mezani! Mrudisheni munggo wa Ijumaa, mchuzi ule wa choroko, na majani ya mlonge ndani yake. Ninyi wawili mtafaidika, wewe kwa chuma na foleti, yeye kwa kupata protini isiyomuumiza.

Yeye aache maini, figo na bandama, na supu ya sinanglao asinywe, kwa kuwa purini huyeyuka na kubaki kwenye mchuzi. Anaweza kula utumbo uliochemshwa na maji yake yakamwagwa, na firigisi kwa kiasi, kwani purini zake hazipishani sana na za nyama ya kawaida. Maji anywe kwa wingi. Lakini msidanganyane kwamba chakula peke yake kitamponya; kinashusha asidi kidogo tu. Mtu anayeshikwa mara kwa mara anahitaji daktari, kipimo cha asidi ya yuriki na pengine dawa ya kila siku, ambayo lengo lake ni kuishusha asidi hiyo chini ya miligramu 6 kwa desilita ya damu. Dawa hiyo haiachwi maumivu yakipoa. Wanaume wengi huiacha hapo, na miezi michache baadaye wanarudi wakichechemea.

Neema na isaw yake hawanisumbui sana. Utumbo hauna mzigo wa maini. Wasiwasi wangu uko kwenye usafi: mchomaji awe ameuchemsha kabla ya kuuchoma, aupate wa moto kabisa kutoka kwenye makaa, na asichovye kwenye kopo la siki ambalo kila mpita njia anachovya. Siki imiminwe kwenye kikombe chake. Sehemu zilizoungua nyeusi zitolewe. Akitaka betamax, zile damu zilizogandishwa na kukatwa mraba, mwache. Maini kwake yawe kipande kidogo tu, mara moja kwa wiki, maana kiwango chake cha juu cha vitamini A kwa umri huo ni mikrogramu 900 kwa siku. Afadhali zaidi, Jumamosi mchome isaw nyumbani, baba yake ni mpishi bwana.

Limebaki la Nanang. Hapo usiende na simu mkononi kumsomea kurasa. Mwanamke wa miaka hiyo aliyelea watoto kwa maini hatanyang'anywa chungu na skrini. Mwambie kwanza ukweli ulio mzuri: damu yako ilikuwa ndogo, yeye alihangaika, na umeona mapenzi yake. Kisha mwombe mje kliniki wote wawili, au mhudumu wa afya wa barangay, yaani wa mtaa wenu, awatembelee nyumbani, na yeye ndiye atamke habari ya maini. Watu wa huko wanawajua wahudumu wale kwa majina, ni majirani, na neno lao halimwaibishi mtu. Wewe utakuwa umekaa pembeni, mkwe mtiifu anayefuata maagizo.

Halafu mpe kazi nyingine, kubwa kama ile. Mwombe tinola: kuku, tangawizi, papai bichi na majani ya mlonge, ndani yake firigisi na moyo wa kuku, ini akalitoe. Mwombe dinengdeng, mchuzi wa mboga, ya saluyot. Saluyot ni mlenda, mwanangu! Ule ule wa nyumbani, unaoteleza vile vile, na Wailokano wanaupenda kama sisi. Mpikie siku moja kwa karanga, umwonyeshe kwamba kwenu pia majani yanaongeza damu, na umwache ashindane na wewe. Mama mkwe anayeshindana na mkwewe kupika mlenda hana muda wa kumlazimisha maini. Majani hayo chuma chake hufyonzwa kidogo kuliko cha nyama, kwa hiyo kamulia kalamansi juu kabla ya kula.

Rudi kupima damu wiki nne tangu uanze tena vidonge. Ikiwa haijapanda, wakutafutie sababu nyingine, kama minyoo au aina fulani za upungufu wa damu wa kurithi ambazo chuma hakizitibu. Na ukijisikia moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, kuhema ukipanda ngazi chache, au kizunguzungu cha kuangusha, usisubiri tarehe ya kliniki wala jibu langu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na Nanang akushike mkono.